Thamani ya Basilica Julia Ilikuwa Uwazi Wake
Anayeitazama Basilica Julia leo katikati ya Roma huona ngazi, misingi na mabaki ya nguzo, kisha huisifu kwa ukubwa: urefu wa mita 101, upana wa mita 49. Sifa hizo zinaacha jambo lililo kubwa zaidi. Jengo hili, lililoanzishwa na Julius Caesar na kujengwa upya na Augustus baada ya kuungua moto, lilikuwa na thamani kwa sababu kesi zilisikilizwa humo machoni pa yeyote aliyepita. Upande uliotazama uwanja wa umma wa Roma ulikuwa wa matao matupu; hapakuwa na mlango wa kubisha hodi. Vibao vya michezo vilivyochongwa na wapita njia vingali vipo kwenye sakafu na ngazi zake, na hatua chache kutoka hapo mawakili waligombea mirathi ya watu.

Plinius Mdogo, aliyekuwa wakili humo, ametuachia barua kuhusu kesi ya Attia Viriola, mwanamke aliyenyimwa urithi na baba yake wa miaka 80, siku 11 tu baada ya mzee huyo kuleta mke mpya nyumbani. Waamuzi walikuwa 180. Watu walijaa hadi ghorofani, wake kwa waume, wakiinama kutoka juu. Kuona kulikuwa rahisi, kusikia ndiyo ilikuwa kazi. Mama wa kambo alishindwa.

Wapo watakaosema uwazi ule ulikuwa maonyesho tu. Plinius mwenyewe alilalamika kwamba vijana wawili wa nyumbani kwake walikodiwa kwa dinari 3 kila mmoja wakamshangilie wakili. Tena fedha ambazo Caesar alianzishia jengo zilikuwa nyara za vita vya Gallia, na hakuna mwanamke aliyeketi kati ya waamuzi. Yote ni kweli, na hayafai kupunguzwa uzito. Lakini makofi ya kukodi yalijulikana kwa kuwa yalipigwa hadharani, na aliyechukizwa nayo aliweza kuyakemea kwa maandishi. Hongo inayopita nyuma ya mlango uliofungwa haina shahidi wa namna hiyo. Naye Attia Viriola, ambaye sheria haikumpa kiti cha uamuzi, alidai haki yake mahali ambapo waamuzi wote 180 walijua kwamba wanatazamwa, na wanawake wenzake walikuwa miongoni mwa watazamaji.