KONA YA KITABU: Takadini ametugawa



Mwezi uliopita tuliwaambia kwamba tunasoma Takadini, riwaya ya Ben J. Hanson iliyochapwa mwaka 1997, ile ambayo wanafunzi wengi wa sekondari za Tanzania wanaijua sana. Tuliomba kila mmoja alete maoni yake. Kwa kawaida sanduku letu pale mlangoni kwa maktaba linapata karatasi nne au tano, na nusu yake ni salamu kwa marafiki. Safari hii limejaa mpaka kifuniko kimekataa kufunga! Asanteni sana. Ila tuseme ukweli, mmetugombanisha hata sisi wenyewe tunaoandika.

Kwa wale ambao hawakufika kwenye kusoma, habari yenyewe ni hii. Zamani za mababu, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mama mmoja aitwaye Sekai alikaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto. Akachekwa, mume akaoa wake wengine. Mwishowe akazaa, na mtoto akatoka mwenye ualbino, ambaye wao humwita musope. Desturi ya kijiji ilisema mtoto wa namna hiyo asiishi. Mumewe, Makwati, alimpenda Sekai, lakini akasema lazima wazee waulizwe. Sekai hakungoja jibu la wazee. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Alitembea mpaka akafika kijiji cha wageni cha mzee Masasa, akapokelewa, akawekwa kwa mganga mzee Chivero. Mtoto akaitwa Takadini, maana yake: tumefanya nini?

Kitabu ni cha Kiingereza, na wengi wetu tulisoma Kifaransa. Kwa hiyo kijana wetu mmoja alikuwa akisoma ukurasa mmoja na kuugeuza kwa Kiswahili palepale, sisi tunasikiliza chini ya turubai. Pengine kuna maneno yalipotea njiani, lakini kisa kilifika.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya Makwati. Akina mama karibu wote wanamwita mwoga. Mama mmoja wa zoni ya juu ameandika kurasa mbili, na zote ni za kumkaripia Makwati kama vile anaishi blok ya jirani! Wababa wanajibu kwamba mtu peke yake hawezi kushinda baraza la wazee, na kwamba angebisha wangeuawa wote watatu. Papa mmoja wa makamo alisimama akasema maneno machache tu: yeye mwenyewe alibaki nyuma akaambia mke atangulie na watoto, na mpaka leo watu wanamwuliza kwa nini. Hapo kelele zilikwisha kidogo. Hatukumwuliza zaidi.

Juu ya Sekai kuondoka, hapakuwa na ubishi mkubwa. Nani kati yetu atamlaumu mtu aliyefunga mtoto mgongoni usiku?

Kilichozungumzwa sana ni kile kijiji cha pili. Vijana wengi wanasema Masasa ni mtu mwema na kitabu kingeishia pale alipompokea. Wakubwa hawakubali. Wanasema kupokelewa ni siku moja, kukaa ni miaka. Na kweli, mwandishi anaonyesha vizuri: Sekai amepewa pa kulala na chakula, lakini akina mama wanawazuia watoto wao wasicheze na Takadini. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemkaribia. Msomaji mmoja ameandika kwamba alipofika sehemu ile alifunga kitabu, akaenda kuchota maji, akarudi jioni. Tunamwelewa.

Halafu kuna mbira. Chivero anamfundisha Takadini kupiga kile chombo chenye vijiti vya chuma, ndugu ya likembe ya kwetu Kongo, na kidogo kidogo watu wanaanza kumheshimu. Wengine wamefurahi hapo. Kijana mmoja wa kidato cha nne amekasirika: kwa nini lazima awe fundi wa muziki ndipo aonekane mtu? Mwenzake asiyejua kupiga chochote, je? Sisi tuko upande wa kijana huyu. Wasichana nao hawakutaka kusikia habari ya mbira wala ya wazee, wao ni Shingai tu, msichana mzuri aliyemchagua Takadini huku wazazi wakikataa. Barua kumi na moja za Shingai! Tunazihifadhi, wazazi msiulize ni za nani.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Wiki ya pili ya kusoma, mama mmoja alikuja ofisini kwetu asubuhi, hata hakukaa. Ana binti mwenye ualbino, wa shule ya msingi. Tangu tuanze kitabu, watoto pale bombani wameacha kumwita zeruzeru, wanamwita Takadini. Kwao ni mchezo. Mtoto amekataa kwenda kuchota maji, na kwenda shule pia.

Tuliona haya. Tulichagua kitabu, tukatangaza kwa mikuzo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwenda kwanza kwa familia ambazo habari hii ni yao. Wengine kati yetu walisema tuache kusoma mara moja. Maana si mchezo. Wengi wa eneo hili wanakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino yaliyosikika sana Tanzania tangu miaka ya 2006 na 2007, na wale wa Burundi wanakumbuka Ruyigi mwaka 2008, watu waliposhambuliwa nyumbani kwao na viungo kuuzwa kwa wachawi. Mzazi mwenye mtoto kama huyo hapendi jina la mtoto wake lipigwe kelele njiani, hata likiwa jina zuri.

Lakini mama yule hakuomba tuache. Alituambia kosa letu ni jingine: tulisoma usiku, watoto wakiwa wamelala, kwa hiyo wao wameokota jina tu, kisa hawakijui. Akataka tusome tena, mchana, kwa watoto. Tukafanya hivyo Jumamosi mbili. Binti yake alikuja na kofia pana, akakaa karibu na msomaji. Tulipouliza watoto maoni yao, yeye alisema Sekai alikosea jambo moja: angemtafutia Takadini kofia mapema. Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Na amesema kweli kuliko sisi sote. Katika barua zenu kuna wawili walioandika kwamba mtoto kama huyo anatokana na laana au mama kutembea nje. Siyo hivyo. Ualbino unarithiwa kwa baba na mama pamoja, hata wote wawili wakiwa weusi kabisa, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto huyo. Ngozi inakosa rangi ya kuikinga, ndiyo maana jua linaichoma na baada ya miaka linaweza kuleta kansa. Kofia, mikono mirefu, kivuli. Macho nayo ni dhaifu, basi walimu tunawaomba: wawekeni mbele karibu na ubao, na mitihani iandikwe kwa herufi kubwa.

Bombani mambo yametulia kiasi. Mama anasema bado wapo wawili watatu wanaoita, na anawajua wazazi wao. Tutakwenda naye kuwaona wiki ijayo.

Barua hazikuenea zote hapa, nyingine tutaziweka mwezi ujao. Na yule aliyeazima nakala ya pili tangu mwanzo wa mwezi, ile isiyo na jalada, tafadhali airudishe maktaba. Kuna watu tisa kwenye orodha wanaingoja, na wa kwanza ni yule papa.