Trekta likichemsha, mtoto asiwe karibu

Msimu wa kulima ukianza, trekta lililolala miezi kadhaa chini ya mwembe huamshwa na kuingizwa shambani. Mengine umri wake ni wa babu. Massey Ferguson 135, kwa mfano, lilianza kutengenezwa mwaka 1964 huko Coventry, Uingereza, na mpaka leo yapo yanayolima. Saa sita mchana geji ya joto inapanda, mvuke unafuka, trekta limechemsha. Anayetumwa dumu la maji mara nyingi ni mtoto.

Ndiyo maana leo ukurasa wa familia unazungumzia injini.

Maji ya kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi joto 100. Ndani ya rejeta yamebanwa na kifuniko chenye springi, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi hizo bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, mbano unaisha ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kuruka juu. Kifuniko chenyewe kiko karibu na kifua cha mtu mzima, usawa ambao kwa mtoto ni uso.

Kwa hiyo, kwanza zima injini na uwaondoe watoto. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ishikike bila kuunguza. Funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe kidogo tu mpaka mvuke uishe kutoka, ndipo ukifungue. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Chuma kinaweza kupasuka, na hapo pesa ya ada itaishia kwa fundi.

Kuongeza maji kila baada ya matuta machache si tiba. Tafuta chanzo, ukianza na vitu visivyo na gharama.

Tazama mapezi ya rejeta. Yakizibwa na makapi, mbegu za nyasi na vumbi, upepo haupiti. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, ukielekeza kutoka upande wa feni kwenda nje. Kagua mkanda wa feni injini ikiwa imezimwa: ukiubonyeza kwa kidole gumba ukazama sana, umelegea. Angalia mipira ya rejeta kama imepasuka, imevimba au imekuwa laini. Tazama chini ya pampu ya maji. Ikidondosha, sili yake imechoka.

Bado inachemsha? Mwambie fundi apime themostati. Huningʼinizwa kwa uzi ndani ya kopo la maji yanayopashwa moto, na inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Tumia kopo kuukuu, si sufuria ya uji. Wapo wanaoitoa kabisa na kuitupa, lakini injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi mno nayo huchakaa mapema.

Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, moshi mweupe usiokoma, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo acha kulima, mwite fundi.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya rejeta, kama yale ya kwenye birika. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, na kulanti iliyochanganywa kama maelezo ya chupa yanavyosema ni bora zaidi.

Lakini kulanti ina hatari yake. Nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo. Mtoto aliyeinywa anaweza kuyumba kama mlevi, kutapika au kusinzia, halafu akaonekana ana nafuu huku figo zikiendelea kuumia. Usingoje dalili. Usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Nyumbani usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na iliyomwagwa kutoka kwenye rejeta isiachwe kwenye beseni uani.

Na ikitokea mtu ameungua? Mwondoe hapo, mvue nguo zilizolowa, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, sehemu nyingine za mwili zikiwa zimefunikwa asipate baridi. Barafu hapana. Dawa ya meno, asali, unga, mafuta na ute wa yai hapana. Vinatunza joto au kuleta uchafu, na daktari atalazimika kuvitoa, jambo linaloongeza maumivu. Funika kidonda kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, usipasue malengelenge, nenda kituo cha afya. Kwa mtoto, au kuungua usoni, mikononi au sehemu za siri, usisubiri kesho.

Mzazi, kabla trekta halijatoka asubuhi, litazame likiwa baridi: maji, mkanda, mipira, mapezi. Ni kazi ya dakika kumi. Pakia madumu mawili ya maji safi, moja la rejeta na moja la kuoshea majeraha, yabebwe na mtu mzima. Feni nyingi za matrekta haya hazina kinga, hivyo khanga, mtandio na mikono midogo vikae mbali injini inapowaka. Mtoto apewe kazi nyingine.