Askari na Subira ya Hukumu

Wahenga walisema kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Sidhani kama kuna kungoja kunakoumiza matumbo kuliko kungoja kauli ya mahakama katika shauri la mauaji. Jamaa za marehemu wanangoja, mshtakiwa anangoja, na nje ya jengo askari wenye silaha nao wanangoja, wala hawajui kama saa ijayo italeta vigelegele au mvua ya mawe. Ni juu ya askari hao ninapotaka kusema leo, maana ni nadra watu kukumbuka kuwa kungoja nako ni kazi ya ulinzi.

Tuchukue mfano wa mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Tarehe 25 Mei 2020, raia mweusi aitwaye George Floyd alifia mikononi mwa polisi. Derek Chauvin, aliyekuwa afisa wa polisi wakati huo, alimkandamiza shingoni kwa goti kwa muda wa dakika 9 na sekunde 29, hali Floyd amefungwa pingu na kulazwa kifudifudi barabarani. Siku tatu baadaye wananchi wenye hasira walikichoma moto kituo kimoja cha polisi cha mji huo. Basi shauri lilipokaribia mwisho wake mwezi Aprili 2021, jengo la mahakama lilikuwa limezungushiwa uzio na seng'enge, na askari zaidi ya 3,000 wa jeshi la Walinzi wa Taifa walikuwa wamewekwa tayari pamoja na polisi.

Kwa sheria ya Marekani, shauri kama hilo huamuliwa na juri, yaani baraza la raia 12 wa kawaida ambao si mawakili wala mahakimu. Husikiliza ushahidi wote, kisha hujifungia chumbani na kushauriana peke yao. Jaji haingii humo, wala mwendesha mashtaka, wala mkuu wa polisi. Ili mshtakiwa aonekane na hatia, wote 12 wawe na kauli moja. Mmoja akikataa na kushikilia kukataa kwake, hakuna kauli, na huenda shauri likaanza upya mbele ya baraza jingine.

Wako watakaouliza kwa nini mtu mmoja awe na nguvu ya kuwazuia 11. Historia inatoa jibu. Mwaka 1898 jimbo la Louisiana liliandika katika katiba yake kwamba watu 9 kati ya 12 watatosha kumtia mtu hatiani. Shabaha yake ilikuwa kwamba hata kama raia weusi wachache wataketi katika juri, sauti zao zisihesabike. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua, tarehe 20 Aprili 2020, kwamba katika makosa mazito kila jimbo lazima lipate kauli moja ya wote. Sharti la kauli moja, kumbe, ni ngao ya mnyonge.

Tarehe 19 Aprili 2021, juri la Minneapolis liliingia chumbani. Jaji Peter Cahill aliamuru wajumbe wake walazwe hotelini, mbali na maneno ya mitaani. Siku hiyohiyo alionyesha kuchukizwa na viongozi wa kuchaguliwa waliokuwa wakilizungumzia shauri hadharani kabla halijaamuliwa. Usiku ule mji mzima ulingoja. Askari aliyesimama kando ya ule uzio hakujua lolote zaidi ya alilolijua muuza duka wa mtaa wa pili. Bunduki yake haikuwa na uwezo wa kuharakisha kauli hata kwa dakika moja, na ndivyo ilivyopasa kuwa.

Baada ya mashauriano ya saa 10 hivi, alasiri ya tarehe 20 Aprili, kauli ilisomwa: hatia katika makosa yote matatu, yaani mauaji ya daraja la pili, mauaji ya daraja la tatu na kuua kwa uzembe. Jaji alimwuliza kila mjumbe, mmoja baada ya mmoja, kama hiyo ndiyo kauli yake ya kweli. Wote 12 wakaitikia. Chauvin alitiwa pingu na kuondolewa, na mwezi Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Uzio ule haukuvunjwa, na watu walikusanyika barabarani wakilia na kukumbatiana.

Sasa, ndugu askari, shauri hili linatuhusu nini? Kwanza, tuangalie ni ushahidi gani uliowafikisha watu 12 kwenye kauli moja. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kuwa mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la afya, wala haikutaja goti. Picha zilizopigwa na binti wa miaka 17 aliyekuwa akipita njia zilionyesha mambo mengine kabisa. Kisha mkuu wa polisi wa mji huo, Medaria Arradondo, alipanda kizimbani kutoa ushahidi na kusema kwamba kitendo kile kilikuwa kinyume cha mafunzo na maadili ya kikosi chake. Wapo waliomwona kama amewasaliti wenzake. Kwa maoni yangu aliokoa heshima ya sare.

Pili, tuache lile lalamiko la kambini na vituoni kwamba sisi tunakamata na mahakama inaachia. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilirithi sheria za Uingereza, lakini kwa mashauri ya Waafrika wakoloni hawakuleta juri. Walileta wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji, na Kenya iliufuta utaratibu huo mwaka 2007. Hata hivyo kipimo cha ushahidi ni kilekile: hatia ithibitike pasipo shaka ya maana. Jaji anapofikiri faragha, anaipima kazi ya askari. Kisu kilichookotwa bila kuandikishwa, maelezo yaliyopatikana kwa kipigo, shahidi ambaye hakuna aliyejishughulisha kumtafuta: hayo ndiyo yanayozaa shaka. Mshtakiwa akiachiwa kwa sababu hizo, lawama isipelekwe mahakamani.

Tatu, tunajua sote jinsi kundi la watu linavyoweza kumzingira mtuhumiwa mtaani na kumhukumu kwa mawe na moto kwa nusu saa. Kundi hilo nalo lina kauli moja, lakini ni kauli ya watu ambao hawakusikia shahidi hata mmoja. Wale 12 walikubaliana baada ya kusikiliza ushahidi kwa majuma matatu. Askari anayefika mahali hapo na kugeuza uso ameiacha zamu yake.

Mwisho, tukumbuke kuwa katika shauri la Minneapolis aliyekaa kwenye kiti cha mshtakiwa alikuwa polisi. Naye alikuwa na haki ya wakili, ya kusikilizwa, na ya kwamba mtu mmoja tu mwenye shaka ya kweli angeweza kuizuia kauli ya hatia. Hakuna askari ajuaye kama kiti hicho hakitakuwa chake siku moja. Siku hiyo ikifika, atatamani wanaomhukumu wasiharakishwe na mtu yeyote, na atatamani pia kwamba nje ya mlango kuwe na askari anayejua kungoja.