Mpiga Picha wa Habari Si Mzururaji

Wazee wetu wengi hudhani kijana apigaye picha za habari bila kuajiriwa ni mzururaji tu. Mimi sikubali. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, hajatimiza miaka 21. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia, misaada ikamiminika. Mwaka 1991 alipotezwa mkono na mlipuko mjini Addis Ababa, naye akarudi kazini. Kijana afuataye njia hiyo hana mshahara: picha isiponunuliwa, hulala njaa, akiumia, hujitibu kwa fedha zake. Basi magazeti yamlipe upesi, nanyi wazazi msituzuie tuipendao kazi hii.