Maveterani wa Somanda, bega haliponi kwa 'shoti' peke yake

Kila timu ya maveterani ina kipa wa aina hii. Mpira wa chini anaupangua vizuri tu, ukija wa juu anausindikiza kwa macho. Mashabiki wanacheka, mzee kaishiwa. Mfuate pembeni umuulize: atakwambia mkono haunyanyuki, usiku hawezi kulalia upande ule, na jezi anavalishwa.

Siyo uzee tu huo. Mara nyingi ni bega kuganda. Utando unaozunguka kiungo unavimba, unanenepa na kukaza, mkono unakosa nafasi ya kuzunguka. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, yaani umri uleule wa maveterani wetu, na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Likishaganda linaweza kukaa mwaka mmoja hadi mitatu.

Siku hizi ukilalamika bega hukosi mtu wa kukwambia upande Dar, kuna mashine ya 'shoti'. Jina linapotosha, maana wengi wanadhani ni umeme. Ni mawimbi ya mshtuko, mgandamizo mkali unaogongagonga juu ya ngozi na kupenya hadi ndani. Teknolojia hiyo ilianza kwa kupasua mawe ya figo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Baadaye ikahamia kwenye kano za kisigino, kiwiko na bega.

Je, inasaidia? Zipo tafiti zinazoonyesha inapunguza maumivu na kuongeza mzunguko wa bega lililoganda. Siipingi. Ninachopinga ni kuanza na mashine kabla ya vipimo. Tiba hii hutolewa mara kadhaa, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Mtu wa Somanda atakwenda na kurudi zaidi ya kilomita 1,000 kila wiki? Akienda mara moja tu, halafu akarudi nyumbani na kuufunga mkono kwa khanga, hela imekwenda bure. Tena haifai kwa mjamzito, wala kwa mwenye uvimbe wa saratani eneo hilo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima amwambie daktari kwanza.

Khanga ndiyo adui ninayemwogopa kuliko wote. Kipa kijana anaanguka vibaya, anafungwa mkono wiki nyingi bila kuonwa na mtaalamu, akifunguliwa bega limekaza. Mnamkumbuka Mohamed Salah? Mei 26, 2018 alitoka fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Kyiv akilia kwa sababu ya bega. Juni 19 alikuwa anaifunga Urusi penalti kwenye Kombe la Dunia. Jeraha lake halikuwa bega kuganda, sawa, lakini wataalamu walikuwa naye tangu siku ya kwanza. Sisi tuna mtu wa pembeni mwenye chupa ya maji na mafuta ya kuchua, anauvuta mkono kwa nguvu mpaka mzee anapiga kelele.

Pa kuanzia ni karibu. Hospitali ya Somanda ipo hapohapo Bariadi, na wakikupa rufaa Bugando iko Mwanza. Daktari atenganishe kwanza lililoganda na lililoteguka. Ipo sindano ya kupunguza uvimbe ndani ya kiungo, ila mwenye kisukari aseme mapema kwa sababu hupandisha sukari. Mazoezi ni ya kila siku na hayana nauli: kutambaza vidole ukutani kwenda juu, au kuinama, kuuning'iniza mkono na kuuzungusha taratibu.

Waandaaji wa mabonanza, mnapanga hela ya jezi, ya muziki na ya mbuzi wa mshindi. Ombeni hospitali iwapatie muuguzi mmoja mwenye kipimo cha sukari, akae mezani kabla filimbi haijapulizwa. Wa kwanza kwenye foleni awe yule kipa asiyeweza kujikuna mgongo.