Gemu inakataa kufunguka, inadai usasishe Windows: Nani hasa anakuonya?

Wachezaji wengi wa gemu kwenye kompyuta zilizokwishatumika wanakutana na ujumbe unaosema mfumo wa mashine yao umepitwa na wakati. Ujumbe huo unaweza kutoka kwa wahusika tofauti, na si kila mara unahitaji pesa. Tunaeleza unatoka wapi, upi unaweza kuurekebisha mwenyewe, na upi ni uamuzi wa kibiashara uliofanywa mbali sana na kibanda chako.

Mchezo uliokuwa ukifunguka vizuri wiki iliyopita, leo unatoa kisanduku chenye alama ya njano: mfumo wako ni wa zamani, tafadhali usasishe. Fundi wa kwanza anasema mashine imekufa. Wa pili anataka alipwe aweke Windows mpya. Wa tatu anashauri ununue kompyuta nyingine. Kwa mwenye kibanda cha gemu anayetegemea malipo ya saa, kila jibu kati ya hayo matatu lina bei yake, na huenda yote yakawa si sahihi.

Tuanze na msingi. Mfumo endeshi ni programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka na kuzipa programu nyingine mahali pa kufanyia kazi. Kwenye kompyuta nyingi mfumo huo ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kwenye simu nyingi za kwetu ni Android ya Google. Gemu ni mpangaji ndani ya nyumba hiyo. Nyumba ikizeeka, mpangaji anaweza kuanza kulalamika hata kama kuta bado zimesimama.

Wanaoonya ni wengi

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kudhani kila onyo linatoka sehemu moja. Kwa kawaida kuna wahusika watatu.

Wa kwanza ni gemu yenyewe. Watengenezaji huandika ndani ya programu kwamba mchezo unahitaji toleo fulani la Windows au zaidi. Gemu ikifunguliwa huuliza mfumo: wewe ni toleo gani? Jibu lisiporidhisha, inaonya au inakataa kabisa.

Wa pili ni duka linalouza na kufungua michezo. Duka kubwa zaidi la gemu za kompyuta ni Steam, la kampuni ya Valve ya Marekani. Duka likiacha kuhudumia mfumo wako, hata gemu ya miaka kumi iliyopita inaweza kukosa njia ya kufunguka, ingawa gemu hiyo haina tatizo lolote.

Wa tatu ni Windows yenyewe, inayokukumbusha kwamba muda wake wa kuhudumiwa umekwisha. Onyo hili linaweza kutokea wakati unafungua mchezo, lakini halihusiani na mchezo.

Na yupo wa nne, tapeli. Mwaka 2022 watafiti wa usalama walibaini kuwa virusi vya kudai fidia vinavyoitwa Magniber vilikuwa vikisambazwa kwa kujifanya sasisho la Windows 10, hasa kupitia tovuti za programu za wizi. Anayetafuta gemu za bure mtandaoni ndiye aliyelengwa. Onyo linalotokea ndani ya ukurasa wa intaneti, linalotaka upige namba ya simu, ulipe, au upakue faili papo hapo, usiliamini. Sasisho halali la Windows hupatikana ndani ya mipangilio ya kompyuta, sehemu ya Windows Update.

Kwa nini maonyo yameongezeka?

Sababu kubwa ni kalenda ya Microsoft. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, na huduma yake ya kawaida ikakoma Oktoba 14, 2025. Baada ya tarehe hiyo kompyuta inaendelea kuwaka na programu zinaendelea kufunguka, lakini viraka vya usalama havitolewi tena bure kwa kila mtu kama zamani.

Kampuni za michezo nazo zimeifuata kalenda hiyo. Capcom ya Japani, inayotengeneza michezo ya Monster Hunter, ilitangaza kuwa baada ya Oktoba 14, 2025 haitahakikisha tena kwamba michezo hiyo itafanya kazi kwenye Windows 10. Zingatia maneno hayo. Haikusema michezo itazimwa. Ilisema ikiharibika, usiilaumu kampuni. Maonyo mengi ni ya aina hii: yanamlinda mtengenezaji na malalamiko, wala hayasemi kwamba mashine yako imefika mwisho.

Wakati mwingine huduma hukatwa kweli. Steam iliacha kuhudumia Windows 7, 8 na 8.1 Januari 1, 2024. Valve ilieleza kuwa sehemu za Steam zinategemea kivinjari cha Chrome cha Google kilichojengwa ndani yake, na Chrome mpya haifanyi kazi kwenye Windows hizo. Google yenyewe iliachana na Windows 7 baada ya Microsoft kuacha kuihudumia. Hapo unaona mnyororo: Microsoft ikaacha, Google ikafuata, Valve ikafuata, na wa mwisho kuupokea ujumbe ni kijana mwenye laptopu ya mitumba.

Sababu nyingine ni vita dhidi ya wachezaji wanaodanganya mtandaoni. Michezo mipya ya vita kama Battlefield 6 na Call of Duty: Black Ops 7, yote ya mwaka 2025, inadai kompyuta iwe imewasha kinga inayoitwa Secure Boot, ambayo huhakikisha mashine inapowaka hakuna programu ngeni iliyojipenyeza. Black Ops 7 inadai pia TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza siri za kompyuta. Hapa unaweza kuwa na Windows iliyosasishwa kikamilifu na bado ukakataliwa, kwa sababu kinga hizo zimezimwa au mashine haina.

Fanya haya kabla ya kutoa pesa

Kwanza, soma ujumbe wote na uupige picha kwa simu. Tazama jina lililo juu ya kisanduku: ni la gemu, la Steam, au la Windows? Picha hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya mdomo.

Pili, jua toleo lako. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kama una Windows 10 na inasoma namba pungufu ya 22H2, huna toleo lake la mwisho. Gemu inaweza kuwa inalalamikia hilo tu, na kulisasisha hakuna malipo zaidi ya bando.

Tatu, angalia kama gemu imedanganywa. Windows ina uwezo wa kujifanya toleo la zamani ili kufungua programu za kale. Mtu akiuwasha uwezo huo, gemu itaambiwa iko kwenye Windows 7 hata kama kompyuta ina Windows 11, na itaonya kwa kosa lisilokuwepo. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya gemu, chagua Properties, kisha Compatibility, na uondoe tiki kwenye mstari unaotaja kufungua programu kwa mfumo wa zamani. Fanya vivyo hivyo kwa alama ya Steam. Ni kazi ya dakika moja, na mara nyingi haikumbukwi.

Nne, tazama tarehe na saa. Kompyuta nyingi zilizotumika zina betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyokufa. Umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na huduma za mtandaoni zinaikataa mashine kwa sababu vyeti vya usalama havilingani na tarehe. Betri hiyo ni ya bei ndogo ukilinganisha na gharama ya kuweka Windows upya.

Tano, sasisha draiva ya kadi ya picha kutoka kwa mtengenezaji wake, yaani Intel, AMD au Nvidia, na uhakikishe diski ina nafasi ya kutosha. Diski ikijaa, masasisho hushindwa kimyakimya na onyo hurudi kila siku.

Sita, kama gemu inataja Secure Boot, bonyeza tena kitufe cha Windows na R, kisha andika msinfo32. Tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, usijaribu kuiwasha mwenyewe. Diski inaweza kuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani, na kompyuta ikakataa kuwaka kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi, na mafaili yako yahifadhiwe kwanza mahali pengine.

Je, onyo lipuuzwe?

Hapana, na tuna mfano wa kweli. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa la usalama kwenye Windows. Wengi hawakukiweka. Mei 12 mwaka huohuo virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilo na kufunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikidai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwapo kwa karibu miezi miwili.

Kwa hiyo kompyuta ya kuchezea gemu pekee, isiyounganishwa na intaneti, inaweza kuendelea na mfumo wa zamani kwa hatari ndogo, mradi flashi zinazochomekwa humo ziwe salama. Lakini kompyuta hiyohiyo ikitumika pia kuchapa barua za wateja, kujaza fomu za serikali au kufungua akaunti za benki, hesabu inabadilika. Hapo anayehatarishwa si mwenye kibanda peke yake.

Gharama inamwangukia nani?

Windows 11 haiingii rasmi kwenye kila mashine. Inahitaji TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel, Microsoft inakubali zaidi kizazi cha 8 kwenda juu. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kuwa kompyuta milioni 240 duniani zinaweza kugeuka taka kwa sababu ya mabadiliko haya. Mafundi wengine huiweka Windows 11 kwa njia za pembeni, lakini Microsoft haihakikishi kwamba mashine hizo zitapata masasisho.

Kwa wanaobaki na Windows 10, Microsoft imefungua mpango wa viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya watu binafsi wanaupata bure, baada ya mashirika ya kutetea watumiaji kuishinikiza kampuni. Nchini Marekani shirika la Consumer Reports nalo liliiandikia kuitaka iendelee kuhudumia Windows 10 bila malipo. Sisi wa nje ya Ulaya tuna njia tatu: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, au kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Njia hii ya tatu haina malipo, na mpango unahitaji toleo la 22H2.

Tofauti hiyo ina somo. Kiraka ni kilekile, na tarehe ni ileile. Kilichobadilisha masharti Ulaya ni wateja waliokuwa na mtu wa kuwasemea. Hapa kwetu, kompyuta nyingi hufika zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa kwingine, na mnunuzi hupewa bei bila kuambiwa muda uliobaki. Tunaona hapo ndipo mamlaka zinazolinda walaji zingeweza kuanzia: muuzaji wa kompyuta iliyotumika alazimike kutaja inakubali mfumo gani, kama anavyotaja ukubwa wa diski.

Hadi siku hiyo, mnunuzi ajilinde. Tazama namba ya prosesa. Core i5-8250 ni kizazi cha 8, kwa sababu tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8. Core i5-4300 ni kizazi cha 4, na bei yake inapaswa kuonyesha hivyo. Kwa mashine za zamani ipo pia Linux, mfumo wa bure ambao unaendelea kupata masasisho. Kupitia programu ya Proton ya Valve, unaweza kufungua gemu nyingi za Windows, ingawa michezo ya vita yenye ulinzi mkali tuliyoitaja haikubali.

Na simu je?

Kanuni ni hiyohiyo. Mwaka 2023 Google iliacha kusasisha huduma zake za msingi kwenye simu za Android 4.4. Tangu Mei 5, 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone zenye mfumo wa chini ya iOS 15.1. Unaponunua simu iliyotumika, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, na usome toleo la mfumo pamoja na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka mitatu iliyopita, unanunua kifaa kilichokwishaachwa.

Mpango wa viraka vya Windows 10 ukifika ukingoni, maonyo yataongezeka, na matapeli nao watayaiga. Atakayejua kuuliza "nani anasema hivi?" kabla ya kubonyeza au kulipa, atakuwa ameokoa mashine, bando na pesa za fundi.