Dawa za Akili na Neno "Aendelee"

Mwezi huu tuzungumze juu ya dawa za magonjwa ya akili, maana katika nyumba nyingi anayetunza daftari la kliniki na kuhesabu vidonge ni mama.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa matabibu na wauguzi wasio mabingwa wa akili. Unaelekeza mgonjwa aliyechanganyikiwa apewe dawa ya aina moja kwa wakati, aanze na dozi ndogo. Lakini hebu tufungue madaftari yetu: haloperidoli na kloropromazini pamoja, na juu yake benzheksoli, mwaka hadi mwaka! Benzheksoli hupunguza kutetemeka na kukakamaa, ila haifai kugawiwa kila mtu kama kinga. Hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usahaulifu.

Yanatokeaje haya? Mara nyingi si kwa ubaya. Dawa moja iliisha stoo, ikaandikwa nyingine. Ya kwanza iliporudi, ya pili haikufutwa. Akaja tabibu mgeni, foleni ndefu, akaandika "aendelee". Neno hilo sisi wauguzi tumeliona likijaza kurasa.

Kukagua mafaili na kuwapa matabibu majibu yake husaidia. Uchambuzi wa tafiti 140 uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba utendaji sahihi huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Ni kidogo, lakini huzidi pale anayetoa majibu ni msimamizi au mwenzao, akirudi zaidi ya mara moja na kuweka lengo. Semina ya siku moja yenye soda na cheti, tunavyoona sisi, haifiki huko.

Nasi tuulize kwa heshima: "Daktari, kila dawa hapa ni ya nini? Ipo ya kupunguza?"

Wenye mabinti wasikie hili hasa. Valproeti hutolewa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kati ya watoto 100 ambao mama zao waliinywa wakiwa wajawazito, 10 hivi huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 huweza kuchelewa kukua kiakili. Tangu 2023 Shirika hilo linasema wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa wasiandikiwe. Binti yako akiwa anaitumia, usimwachishe ghafla, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Mpeleke kliniki wiki hii, na daftari mkononi.